Seven Samurai kwenye Blu-ray ya Criterion: sasa mvua inaonekana ni mvua

Kama Seven Samurai umeiangalia kwenye zile kopi za mtandaoni zenye ukungu, mi nakwambia bado hujaiona, unune usinune. Muvi ya Mjapani Akira Kurosawa ya 1954, wanakijiji wanawakodi samurai saba, wale wapiganaji wa panga wa Japani ya zamani, wawalinde na majambazi, dakika 207, nyeusi na nyeupe mwanzo mwisho, na wengi wanaiacha nusu saa ya kwanza wakisema inaboa. Macho yakishinda yanahangaika kutafuta nani ni nani kwenye giza lazima usinzie, hiyo hata mimi naelewa.

Hii ninayoisemea ni ile Blu-ray ya 2010 ya Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa muvi za zamani kwenye diski, na ziko diski mbili. Picha ni safi lakini haijasuguliwa, na hapo ndo wamenifurahisha, maana kuna hawa wanaofuta kwa kompyuta chembechembe zote za filamu, vile vinukta vya asili vya picha, mpaka sura za watu zinabaki kama zimepakwa nta. Hapa chembechembe zipo, jasho lipo, mikunjo ya uso wa Takashi Shimura ipo yote, na Shimura ndo Kambei, yule mzee anayeongoza wenzie, kazi yake kubwa ni kujipapasa kichwa na kufikiria, sasa usipouona uso wake vizuri umebaki na nini? Mikwaruzo midogo bado utaiona hapa na pale, hainisumbui.

Ila uhondo wenyewe ni vita ya mwisho kwenye mvua. Kurosawa alitega kamera kadhaa zikapiga kwa pamoja, na lenzi ndefu za kuvuta kutoka mbali, ndo maana farasi, matope na watu wanaonekana wamebanana kabisa. Kwenye kopi mbovu yote hayo yanakuwa uji wa kijivu. Kwenye hii diski unamjua kila mtu yuko wapi, na hilo ni muhimu kuliko unavyodhani kwa sababu muvi nzima imekuandaa kwa hiyo siku: umeonyeshwa daraja linabomolewa, mashamba yanajazwa maji, na upande mmoja umeachwa wazi makusudi ili majambazi waingizwe wachache wachache wamalizwe ndani. Kambei ana karatasi yake amechora viduara, kila jambazi na kiduara chake, wapo 40, akifa mmoja anakatwa. Mi nilijikuta nahesabu naye. Halafu cheki ile bendera, viduara sita vya samurai na kapembetatu kamoja ka Kikuchiyo, yaani Toshiro Mifune, yule mropokaji ambaye hata usamurai wenyewe una walakini. Anacheza kwa mwili mzima yule jamaa, anajikuna, anaruka, ananuna, na hakuna kitu kinapotea.

Sauti ni mono, yaani ya njia moja tu, na iacheni hivyo hivyo. Kuna mkwaruzo kidogo kwa mbali, ila ngoma za Fumio Hayasaka zinapiga vizuri na maneno yanasikika. Katikati kuna mapumziko ya dakika kadhaa na muziki unaendelea, msidhani diski imeganda.

Ziada sasa, hapa mtakesha. Komentari, yaani mtu anakuelezea muvi huku inaendelea, zipo mbili, moja ya Michael Jeck peke yake na nyingine wasomi wa sinema watano wamegawana muvi vipande vipande, akiwemo Donald Richie. Mi nampendelea Jeck, anaongea kama mtu aliyekaa na wewe kwenye kochi, wale wengine wanajua sana lakini kuna muda unahisi uko darasani. Kuna dokumentari ya jinsi ilivyotengenezwa, halafu kuna mazungumzo ya 1993, Kurosawa anahojiwa na Nagisa Oshima ambaye naye ni dairekta mkubwa, wazee wawili wamekaa wanapiga stori za kazi. Hiyo peke yake ningeilipia.

Malalamiko yangu? Sabtaito ni za Kiingereza tu, kwa hiyo ukitaka kuangalia na mtu asiyekijua inabidi umtafsirie na muvi yenyewe ni masaa matatu na nusu, utachoka wewe. Pia picha ni ile ya umbo la zamani, karibu mraba, utaona weusi kulia na kushoto, tafadhali msibonyeze zoom kwenye rimoti, mtakata vichwa vya watu.

Waliobaki na DVD zao za 2006, zile diski tatu ambazo muvi imekatwa ikagawanywa kwenye mbili, wakati wa kuhama umefika. Criterion wenyewe 2024 walitoa na ya 4K, yenye picha kali zaidi, ukiwa na TV kubwa na deki inayoisoma nenda huko moja kwa moja, ila kwa TV ya kawaida hii inatosha sana. Kabla hujalipa tu, angalia nyuma ya kava herufi ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa, hii Blu-ray ni ya kanda A, na deki iliyofungwa kanda B haitaisoma hata uipulize vipi.