Inveta ya kuchomelea inagoma kuwasha arki: usinunue bodi kabla hujatazama hii

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo mezani nina hii mashine, inveta ya ampea 200, inachomelea kwa rodi na inachomelea TIG, yaani kwa ncha ya tungsteni na gesi ya argoni, na kwenye TIG ina swichi ya kuchagua lifti au HF, hizo ni njia mbili za kuwasha, nitazieleza. Mwenyewe kaileta anasema imekufa, ameshaambiwa bodi imeungua atafute mashine nyingine. Nimeiwasha hapa, feni inazunguka, taa ya kijani ipo, nikafunga rodi nikachomelea hili bamba mnaloliona, moto safi kabisa. Sasa mashine iliyokufa inachomeleaje? Ndo maana nimeirekodi, kwa sababu watu wengi wanatupa mashine nzima kwa kutojua tu kwamba inawasha arki, yaani ule moto wa umeme unaoyeyusha chuma, kwa njia gani.

Tuanze hapo, kwenye kuwasha. Hewa haipitishi umeme kirahisi, kwa hiyo lazima kitu kianzishe. Kwenye rodi unagusa chuma, ama unaidonoa ama unaikwaruza kama unawasha kiberiti, ncha inapata moto, ukiinyanyua kidogo arki inashika. Inveta nyingi zinakusaidia hapo, zinapandisha ampea kwa muda mfupi mwanzoni ili rodi isinate, na ikinata mashine inashusha mkondo yenyewe usije ukaipika rodi yote. Rodi ikinata kila saa usikimbilie kulaumu mashine, angalia kwanza kama rodi zimekula unyevu, na kama unatumia rodi ya aina ya 7018 iliyokwisha kutumika nusu, ile ncha inafunikwa na kitu kama kioo, hicho hakipitishi umeme, kivunje kwanza halafu uwashe tena.

Upande wa TIG kuna njia tatu. Ya kwanza kukwaruza tungsteni kwenye chuma, rahisi lakini inachafua ncha na vipande vya tungsteni vinaweza kubaki ndani ya weldi. Ya pili ni lifti, unaigusisha tungsteni taratibu, mashine inapitisha mkondo mdogo tu, ukiinua ndo inapandisha mpaka ampea ulizoweka, kwa hiyo ncha haiharibiki sana. Ya tatu ndo HF, yaani masafa ya juu, hapa hugusi chuma kabisa, ukibonyeza swichi ya tochi mashine inatoa umeme wa volti elfu kadhaa kwa masafa ya juu sana, cheche inaruka, inafungua njia kwenye gesi ya argoni, halafu mkondo wa kuchomelea unafuata njia hiyo hiyo. Lile neno la mwisho lishikeni, kwa sababu cheche na mkondo wa kuchomelea vinatoka sehemu mbili tofauti ndani ya mashine, moja inaweza kufa nyingine ikabaki nzima.

Sasa rudi kwenye mashine yetu. Inachomelea kwa rodi vizuri, maana yake rektifaya ya kuingilia, ile inayogeuza AC kuwa DC, ni nzima, kapasita kubwa ni nzima, IGBT, yaani transista za nguvu, transfoma, dayodi za kutolea na bodi inayoziendesha vyote vinafanya kazi. Kwa jaribio moja tu la rodi tayari umeshaondoa vitu vyote vya gharama kwenye hesabu! Nikaipeleka kwenye lifti, nikabonyeza swichi ya tochi, vali ikalia tak, gesi ikatoka, nikagusa nikainua, arki ikashika. Kwa hiyo swichi ya tochi, waya zake na vali ya gesi navyo vizima. Nikahamia HF, nabonyeza, gesi inatoka lakini ule mlio wa cheche hamna. Basi tatizo liko kwenye sehemu ya HF peke yake.

Kabla sijafungua, nisikilizeni vizuri hapa. Ule umeme wa volti 230 ukishapita rektifaya na kapasita unakuwa kama volti 325 za DC, na unaweza kubaki mle hata ukishachomoa plagi. Chomoa, subiri, pima kwa mita kwenye kapasita kubwa, kama bado kuna chaji imwage kupitia rezista kubwa au balbu ya waya, usipige shoti na bisibisi. Na kitu kingine, usiweke mita kwenye matundu ya kutolea halafu ukabonyeza swichi ya tochi ikiwa HF, mita utaiua palepale. Ukitaka kupima volti za kutolea hamishia mashine kwenye rodi kwanza. Hapo nyingi zinasoma kati ya 60 na 80, ila kama mashine ina VRD, yaani ule ulinzi wa kushusha volti wakati huchomelei, utakuta chini sana, kumi na kitu hivi, na huo sio ubovu jamani, watu wanafungua mashine nzima kwa sababu hiyo.

Haya, ndani. Mnaiona hii? Ncha mbili zinaangaliana, hapa ndo cheche inazaliwa. Tazama zilivyokuwa nyeusi, na mwanya umetanuka, kila cheche inakula chuma kidogo kidogo mpaka umeme unashindwa kuruka. Nimezisafisha kwa msasa laini, nikarudisha mwanya kwa fila geji kufuata kitabu cha mashine, mara nyingi ni chini ya milimita moja. Narudisha kifuniko, nawasha... sikilizeni hiyo! HF imerudi. Hakuna bodi iliyonunuliwa. Ingegoma bado, ningeangalia rile inayoipa HF umeme, kile kitransfoma cha kupandisha volti, kapasita yake ya volti kubwa, na waya kama zimepasuka ganda cheche ikawa inavujia kwenye bodi.

Kuna wenye ubovu wa aina nyingine kabisa, nigusie haraka. Inawaka vizuri lakini ukigusa tu rodi inazima, kwanza ondoa ekstensheni ndefu nyembamba, kisha angalia ile rile inayoruka rezista ya kuanzia, yaani rezista inayopunguza mkondo mashine inapowashwa, rile isipofunga mkondo wote unapita kwenye rezista na volti zinaporomoka. Taa ya njano, ile ya joto kupita kiasi, inawaka ukiwa umechomelea sana, iache imewashwa feni ipoze, mashine ikiwa imeandikwa 60% kwa dakika kumi maana yake katika kila dakika kumi uchomelee dakika sita tu. Lakini njano ikiwaka mashine ikiwa ya baridi, pima dayodi za kutolea, ukipata sifuri pande zote zimepiga shoti. Ikikata breka mara tu unapowasha, ni rektifaya au IGBT, na hapo nawaomba sana, usibadilishe IGBT peke yake ukawasha moja kwa moja, angalia na rezista na dayodi za zena zilizo kwenye geti, yaani mguu unaoiamuru IGBT, halafu unganisha balbu ya wati 100 kwa mfululizo na umeme wa kuingilia, ikiwaka ghafla ikafifia ni salama, ikibaki imewaka sana zima, bado kuna shoti.

Mashine yenyewe naionaje? Nimeipenda kwa kuwa hizo ncha za cheche zina skrubu unazifikia bila kung'oa bodi, aliyeipanga alimfikiria fundi. Ampea zimetulia hata chini kabisa, bati jembamba halitoboki. Klampu ya athi waliyoipa ni nyepesi mno kwa ampea 200, inapata moto, ibadilishe siku ya kwanza. Kama unafanya kazi za stenlesi na unataka ncha safi kila unapoanza, HF ina faida. Ila kama unachomelea karibu na kompyuta, vifaa vya vipimo au kwenye gari lenye kontroli za umeme, tumia lifti, maana HF inaruka kwenye waya na inaharibu, na mwenye kifaa cha kuendesha moyo kifuani asikae karibu na kazi hii mpaka azungumze na daktari wake.

Halafu kuna swali linarudi kila mara, cheche ya HF inaruka naiona lakini arki haishiki, nifanyeje? Hapo HF yako haina shida, usiiguse. Angalia athi imeshika chuma kilichosafishwa, tochi iko kwenye hasi, argoni inafika kwenye ncha, tungsteni imenolewa haijachafuka. Vyote vikiwa sawa, hamia kwenye rodi upime volti za kutolea, zikiwa hazipo ndo sasa uanze kukagua upande wa nguvu.