TAHADHARI: Visu feki vyenye msalaba wa Uswisi vinauzwa kama orijino

Jamani, kuna muuzaji mtandaoni anayetangaza visu vya Victorinox, kampuni ya Uswisi, na vya Leatherman, kampuni ya Marekani, akidai ni "orijino, mzigo wa kiwandani". Anadanganya. Kisu nilichopokea kutoka kwake ni feki, na nilipomdai akanibloku. Jina la duka hubadilika, picha ni zilezile alizochukua kwa kampuni, kwa hiyo kinga yenu ni kukijua kisu chenyewe.

Kile chekundu cha Victorinox ndicho kinachoigwa zaidi. Umbo lake Karl Elsener, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alilisajili mwaka 1897, na leo hata asiyewahi kukishika anakitambua. Msalaba mweupe yeyote anaweza kuubandika, basi usianze na msalaba. Fungua bapa kubwa utazame shina lake, pale linapoingia kwenye mpini. Jina Victorinox na maneno "Swiss Made" yanapaswa kugongwa ndani ya chuma, herufi safi. Changu kilikuwa na maandishi ya juujuu yaliyofutika kwa kusuguliwa na kidole.

Halafu sikiliza. Kisu halisi kinapofunguka hutoa mlio mkavu, bapa likakaa imara. Feki huteleza kimya, bapa linacheza kushoto na kulia, na ukikiinua kwenye taa unaona mwanga kati ya vyuma. Mkasi wake unatafuna uzi. Hayo ni hasara tu. Kinachonitisha ni kwamba kisu hiki cha kawaida hakina loki. Bapa hushikiliwa na springi peke yake. Springi ikiwa laini, bapa linajikunja juu ya vidole vyako ukiwa kazini. Tafadhali msimpe mtoto kitu kama hicho.

Nembo nazo anazichanganya. Ya Victorinox ni msalaba ndani ya ngao, ya Wenger, kampuni nyingine ya visu ya Uswisi, ni msalaba ndani ya mraba wenye pembe za mviringo. Ukiona ngao kwenye mpini na jina la Wenger kwenye bapa, rudisha. Akikuambia Wenger "toleo jipya kabisa", ujue visu hivyo viliingizwa chini ya jina la Victorinox tangu 2013.

Kwa Leatherman, ile yenye plaiz katikati na mipini inayokunjwa kuizunguka, funga plaiz taratibu: midomo ikutane sawasawa hadi nchani. Kwenye muundo wa Wave, bapa hufunguliwa kwa nje bila kugusa plaiz, na lazima loki ishike. Halisi ina dhamana ya miaka 25. Feki kampuni haitaipokea.

Kabla ya kulipa, mwombe picha ya shina la bapa aliyoipiga mwenyewe, pembeni kukiwa na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Huyu wangu ukimwomba hivyo anakasirika. Waliokwisha kulipa, msithibitishe mmepokea mzigo. Hifadhini mazungumzo yote na mfungue malalamiko kwenye jukwaa mlikonunulia kabla muda wa kurudishiwa fedha haujapita.