Timeless: historia inalindwa, dada anafutika

Katika tamthilia ya runinga ya Timeless, Lucy Preston anarudi kutoka mwaka 1937 na kumkuta mama yake, aliyekuwa mahututi, mzima kabisa. Ila mdogo wake Amy hajawahi kuzaliwa, na Lucy mwenyewe ana mchumba asiyemjua hata kwa sura. Hicho ni kipindi cha kwanza tu, nami nikanasa.

Kisa chenyewe ni chepesi: Garcia Flynn kaiba mashine ya kusafiri katika wakati, na Lucy mwanahistoria, Wyatt mwanajeshi na Rufus rubani wanamfukuza ili yaliyopita yabaki yalivyo. Hindenburg, chombo kikubwa cha angani cha Kijerumani kilichojazwa gesi, iliungua kweli Lakehurst, New Jersey, Mei 6, 1937, wakafa watu 36. Kwenye tamthilia inatua salama, na waliopaswa kufa wanaendelea kuishi. Ndipo ukoo wa Lucy unapovurugika.

Sasa, yule Lucy mwingine aliyeikubali posa ya huyo mchumba kaenda wapi? Waandishi wanafunika kombe mwanaharamu apite. Kuna kanuni kwamba huwezi kurudi wakati ambao tayari ulikuwa hai. Inaziba tundu la mtu kukutana na nafsi yake, lakini hilo la kumbukumbu za Lucy huyo mwingine limebaki wazi.

Anayenivuta zaidi ni Rufus, rubani mweusi. Kila enzi ya Marekani anayotua inamtishia, halafu anaambiwa ailinde! Ubishi kuhusu kumwokoa Rais Lincoln asiuawe una uzito kuliko risasi zote za Wyatt, ambazo ni nyingi mno.

Kituo cha runinga cha Marekani, NBC, kiliionyesha 2016 hadi 2018. Msimu wa pili ni mfupi na mkali zaidi. Anza wa kwanza hata hivyo.