Ziwa wamepewa bure, ukarimu wangetafuta wenyewe (hoteli moja ya kando ya ziwa, Mwanza)

Nianze na kizuri nisije nikaonekana nina chuki. Balkoni ya pale jamani, acheni tu. Jioni jua linazamia kule upande wa Sengerema, ghuba yote inageuka rangi ya machungwa, kisiwa cha Saanane hiki hapa mbele yako mpaka mawe yake unayaona moja moja, pantoni ya Kamanga inakatiza taratibu na watu wake. Usiku ndio balaa, wavuvi wa dagaa wanawasha taa zao huko katikati utadhani kuna mji umejengwa majini (mbalamwezi ikiwa kali hutaziona, dagaa hawavuliwi mwezi ukiwaka). Kwa hilo nawapa kumi juu ya kumi, ila sifa si zao, walilikuta hapo.

Sasa huduma. Nilikuwa na mama yangu, mtu mzima, katoka Singida na basi kuja kwenye sendofu, miguu imemvimba. Tunafika mapokezi dada yuko kwenye kompyuta hajainua uso, neno la kwanza "bukingi kwa jina gani?" Hamna shikamoo, hamna karibuni, hamna pole na safari. Mimi sawa nimezoea Dar, lakini mama kasimama pale na kipochi chake anasubiri aamkiwe mpaka akachoka akasalimia yeye, "hamjambo wanangu", akajibiwa "kitambulisho." Yaani nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yao.

Na kila kitu pale ni simu. Menyu skani, taulo tuma WhatsApp, maji ya kunywa tuma WhatsApp, ukipiga ile simu ya chumbani inaita weee mpaka inakata. Nikaandika maji ya moto hayatoki, sekunde hiyo hiyo nikajibiwa "Mpendwa mgeni, ombi lako limepokelewa", maji yenyewe yakaja kesho yake mchana tumeshaoga ya baridi. Asubuhi kwenye chai mama anazuiwa mlangoni, "rumu namba?", akamwambia yule kijana mimi nina jina baba, kijana akarudia vile vile, "rumu namba?"

Vijana wenyewe siwalaumu sana. Hoteli imejaa watu wa semina, vitambulisho shingoni, wanalipiwa na ofisi, asubuhi wanawahi ukumbini jioni wanataka risiti, hao hata usiposalimia hawana habari. Nadhani mwenye hoteli kashaona hao ndio wateja basi kila anayeingia anahudumiwa kisemina semina, bibi wa watu naye humo humo.

Mtu pekee aliyetuona kama wageni ni mzee mlinzi wa getini. Kamwamkia mama kisukuma, mama kisukuma hajui lakini kafurahi huyo, kisha mzee akatuambia zimeni taa ya balkoni mapema na mfunge madirisha, leo wadudu wa ziwani wanakuja. Na kweli walikuja, wingu zima, majirani zetu walioacha taa zinawaka, asubuhi walikuwa wanafagia ukutani. Hilo lilitakiwa lisemwe mapokezi wakati unapewa funguo, mgeni wa kutoka mbali na ziwa atajuaje?

Chakula, sato mtamu ila alikuja baridi, tukawa tunakula mjini nusu bei.

Bei ni karibu laki mbili kwa usiku na chai ndani. Ukiamua kulala sisitiza chumba cha kutazama ziwa, vya nyuma vinapungua hela kidogo tu halafu unaangalia paking. Ila ningekuwa wewe ningelala kwingine, saa kumi na moja jioni naenda zangu pale naagiza soda moja nakaa nayo mpaka jua lizame, hamna atakayekuuliza umekaa sana, maana hamna anayekuangalia.