Seva iligoma kuwaka, flashi ya FreeBSD ikaiamsha: uzoefu wangu

Natumia FreeBSD, mfumo endeshi wa bure, kwenye seva ya duka la dawa za jumla hapa Morogoro tangu 2019. Ni mashine ya kawaida yenye BIOS ya zamani (programu ya ndani ya mashine inayoanzisha kuwaka), diski mbili za terabaiti 1 zilizofungwa pacha kwa ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili, kila diski ikibeba nakala ya mwenzake), na hifadhidata ya PostgreSQL inayoshika stoo nzima: ankara, tarehe za dawa kuisha muda, madeni ya wateja. Mwezi uliopita iligoma kuwaka. Kilichoiamsha ni ile flashi ya kusakinishia FreeBSD, kitu cha bure ambacho wengi wetu hukitumia siku moja tu kisha tunakifuta na kuwekea mambo mengine.

Umeme ulikatika usiku wa kuamkia Jumatatu, ukarudi alfajiri. Saa moja na nusu asubuhi dada wa kaunta akanipigia: “Kaka, ile mashine ya stoo haijaamka. Kioo cheusi, kuna mstari mmoja tu wa maandishi.” Nilipofika niliukuta mstari wenyewe: hakuna diski ya kuwashia.

Nilianzia kwenye BIOS. Nawasihi msiruke hatua hii, maana diski ambayo BIOS haiioni hakuna amri itakayoifufua. Iliona diski moja badala ya mbili. Ile ya kwanza ilikuwa inatoa mlio wa tik, tik, tik, halafu kimya. Nikabadilisha kebo, nikahamisha tundu la SATA, mlio uleule. Imekufa. Mpaka hapo sikuwa na hofu, kwa sababu pacha huwekwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Lakini diski iliyobaki BIOS iliitaja kwa jina na ukubwa wake, nikaiweka ya kwanza kwenye orodha ya kuwashia, na bado mashine ikarudia maneno yaleyale. Hapo moyo ulianza kwenda mbio.

Nikachomoa diski mbovu, nikapakua picha ya memstick (faili la kutengenezea flashi) ya toleo la 14.1 kwenye laptop yangu ya Linux na kuiandika kwenye flashi kwa `dd`. Ikiwaka, usibonyeze kusakinisha. Chagua mfumo unaokimbia juu ya flashi yenyewe, ingia kama root (msimamizi mkuu) bila nywila, na unapata ganda tupu, yaani mahali pa kuandika amri, lenye karibu kila kitu unachohitaji: `gpart`, `zpool`, `camcontrol`, `hexdump`, `ssh`. Hakuna picha wala menyu. Kwa mtu aliyezoea flashi za uokoaji zenye vitufe vya kubofya, itamtisha. Mimi naipenda hivyo hivyo, kwa sababu zana zilizomo ni zilezile zilizoijenga seva, si za mtu wa tatu.

Amri ya kwanza ilikuwa `zpool import` bila kitu kingine mbele yake. Hiyo haigusi chochote, inatazama tu na kukuambia ilichokiona. Ikanionyesha zroot, hifadhi ya ZFS ya seva, ikiwa DEGRADED (imepungukiwa), diski moja ipo, moja haipo. Kisha:

`zpool import -f -N -o readonly=on -R /mnt zroot`
`zfs mount zroot/ROOT/default`

Ile -f ni lazima, kwa kuwa ZFS inakumbuka kwamba mara ya mwisho diski ilikuwa mikononi mwa mfumo mwingine. Ile readonly ndiyo ninayoitilia mkazo zaidi. Ukibaki na diski moja ya aina yake duniani, usiandike hata herufi kabla hujatoa nakala. Na ukisahau ule mstari wa pili utakuta /mnt haina kitu na kudhani data imepotea, kumbe ile -N inazuia kupachika, na hata bila hiyo mpangilio wa kawaida wa FreeBSD huacha ROOT/default isijipachike yenyewe.

Nilipoona /mnt/var/db/postgres imejaa nilishusha pumzi. Mzee mwenye duka akawa ameshafika. “Shikamoo mzee.” “Marahaba. Leo tunauza au hatuuzi?” Nikamwambia tuuze kwa daftari mpaka saa sita, data iko salama. Akaketi karibu nami, hakusema neno tena. Nikaipa kadi ya mtandao anwani kwa `ifconfig`, nikapitisha folda nzima kwa `tar` kupitia `ssh` mpaka kwenye laptop. Nakala ya usiku wa kuamkia Jumapili nilikuwa nayo, lakini sikutaka kupoteza mauzo ya Jumapili.

Kama data ipo, kwa nini haiwaki? `gpart show` ilinionyesha vizigeu (sehemu za diski) vitatu kama inavyotakiwa: freebsd-boot ya kilobaiti 512 ya kuwashia, swap ya kusaidia RAM, na freebsd-zfs ya data. Kila kitu mahali pake. Nikaamua kuchungulia ndani ya kile cha kwanza:

`hexdump -C /dev/ada0p1`

Mstari mmoja wa sifuri, nyota chini yake, kisha 00080000. Basi. Kilobaiti 512 za sifuri tupu tangu mwanzo hadi mwisho.

Nikakumbuka. Miezi minane nyuma nilibadilisha diski hii baada ya ya awali kuonyesha sekta mbovu. Nilinakili mpangilio wa vizigeu kutoka diski nyingine isiyo na kasoro kwa `gpart backup` na `gpart restore`, nikafanya `zpool replace` ili ZFS ijaze diski mpya, nikasubiri, `zpool status` ikaandika ONLINE kila mahali, nikaenda nyumbani. Kosa ni langu. `gpart restore` hujenga chumba, haiweki vitu ndani yake. Na ZFS hufanya pacha ya kile kilicho ndani ya kizigeu chake tu. Msimbo wa kuwashia uko nje, kwenye sekta ya kwanza ya diski na kwenye kizigeu cha freebsd-boot, na huko hakuna anayenakili isipokuwa wewe. Kwa miezi minane seva ilikuwa inawaka kwa diski moja tu, na mimi nikiamini ni mbili.

Dawa yake ni mstari mmoja:

`gpart bootcode -b /boot/pmbr -p /boot/gptzfsboot -i 1 ada0`

Kabla ya kubonyeza, hakikisha jina. Diski hiyo ilikuwa ikiitwa ada1 siku zote. Nilipochomoa mwenzake, ikawa ada0. Ninayo tabia ya kuandika namba tambulishi (serial) za diski kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuniko, kwa hiyo nililinganisha na `camcontrol identify` kwanza. Flashi yenyewe ni da0, herufi moja tu tofauti, na macho yaliyochoka huisoma vibaya. Ile -i 1 nayo ni namba ya kizigeu. Ukiikosea unaweza kuandika juu ya kitu usichokusudia.

Toleo la flashi pia ni muhimu. Seva ilikuwa 13.2, flashi 14.1. Msimbo mpya husoma hifadhi ya zamani bila shida, kinyume chake si hakika. Kwa sababu hiyo hiyo, usiendeshe `zpool upgrade` ukiwa ndani ya flashi ati kwa kuwa `zpool status` imekudokezea kuna vipengele vipya. Ukiwasha kipengele ambacho msimbo wa kuwashia haukijui, seva itagoma kuwaka tena. Wenye mashine za UEFI (mrithi wa BIOS) hawahusiki na gptzfsboot kabisa: wao watapachika kizigeu cha efi kwa `mount -t msdosfs` na kunakili /boot/loader.efi kwenda EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, kwa kila diski.

Nikaiachia hifadhi kwa `zpool export`, nikatoa flashi, nikawasha upya. Menyu ya FreeBSD ikatokea. Swap ililalamika kwa sababu /etc/fstab ilitaja ada1p2 ambayo haipo tena, lakini mfumo ukaendelea. Sasa nimeitaja kwa lebo ya gpt, jina lililoandikwa kwenye diski yenyewe, isitegemee tundu. Saa tano na robo kaunta ilikuwa inatoa ankara.

Naipa flashi hii nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni kwa ajili ya anayeanza. Mzizi wa mfumo haukubali kuandikwa, kwa hiyo hata kuweka DNS (inayogeuza majina ya mtandao kuwa anwani) kunakupeleka kwenye folda ya /tmp/bsdinstall_etc, maana /etc/resolv.conf ni kiungo cha kuelekea huko. Hilo hulijui mpaka likukwamishe. Na ningefurahi sana kama `zpool replace`, inapomaliza kazi kwenye diski ya kuwashia, ingekumbusha habari ya msimbo.

Diski mpya ilifika Alhamisi. Safari hii nilifuata mpangilio: vizigeu, kisha bootcode, kisha `zpool replace`, kisha `hexdump` kuona kwamba sifuri zimeondoka. Jumamosi duka lilipofungwa nikazima seva, nikachomoa diski ya kwanza, nikawasha, ikawaka. Nikairudisha, nikasubiri ZFS isawazishe yaliyobadilika, jambo la sekunde chache, nikachomoa ya pili; ikawaka. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, akaniuliza kama nimemaliza. Nikamwomba dakika tano zaidi, nikaifunga ile flashi kwa gundi ya karatasi ubavuni mwa seva, pamoja na mstari wa bootcode ulioandikwa kwa kalamu nene.