Rangi Zinazodumu kwa Vyuma Vidogo: Ipi Ununue Nairobi

Leva ya breki ya pikipiki hushikwa na kiganja chenye jasho tangu alfajiri, hunyeshewa Aprili yote, humwagikiwa petroli tangi likijazwa pomoni, na siku pikipiki inapolala huburuzwa kwenye lami. Rangi nyingi zilizopangwa kwenye rafu za hadiwea hapa Nairobi haziyawezi maisha hayo, hata kopo likiandikwa maneno makubwa kiasi gani. Mwongozo huu ni wa vyuma vidogo vya namna hiyo: leva, breketi, vikanyagio, springi za stendi, bawaba, makomeo, jiliwa na koleo za karakana. Kazi yenyewe ni ya nyumbani, pale inapowezekana.

Nimezipanga rangi hizi kwa kuangalia kwanza zinavyokuwa ngumu. Kuna rangi zinazokauka tu. Kiyeyusho huruka hewani na utomvu hubaki juu ya chuma, lakini kiyeyusho kikirudi, iwe ni petroli au thina, rangi hulainika tena hata baada ya mwaka mzima. Kuna nyingine zinazokomaa. Ndani yake hutokea mmenyuko wa kikemia, unaoletwa na hadina (dawa ya kukomaza inayochanganywa na rangi), joto la oveni au oksijeni ya hewani, na zikishafungana haziyeyuki tena. Kwa chuma kinachoishi karibu na injini, nunua inayokomaa. Cha pili ni unene. Bawaba ya geti haijali rangi nene, ila tundu la leva linalozungukia bolti linajali sana, na rangi ikiziba hapo breki itakwama.

Nafasi ya kwanza: rangi ya 2K, yaani rangi na hadina yake

Kwa mtu wa kawaida hii ndiyo ya kununua. Inapatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kopo la sprei lenye kitufe chini. Ukikibonyeza, hadina huingia kwenye rangi, na kuanzia hapo una siku moja au mbili kabla haijagandia ndani. Kwa hiyo usibonyeze kabla vyuma vyote havijasafishwa na kuning'inizwa. Ya pili ni kwenda kwenye maduka ya kuchanganya rangi za magari, kule barabara ya Kirinyaga au Eneo la Viwanda, ununue kiasi kidogo pamoja na hadina na thina yake. Njia hii ni nafuu ukiwa na kompresa, au ukimjua fundi wa kunyoosha bodi atakayekupulizia pamoja na kazi yake. Uwiano wa kuchanganya huandikwa kwenye kopo, nao haukisiwi kwa macho. Hadina ikizidi au ikipungua, rangi haikomai sawasawa.

Ziko za epoksi na ziko za poliurethani. Epoksi hushika chuma vizuri zaidi na huzuia maji, lakini ikiachwa juani hupauka na kutoa unga mweupe. Poliurethani hulivumilia jua. Kwa kipuri cha nje, mpangilio ninaoupenda ni epoksi chini na poliurethani nyeusi isiyong'aa juu. Kwa jiliwa inayokaa ndani ya karakana, epoksi peke yake inatosha.

Hapa sitaki nieleweke nusu. Hadina ya poliurethani ina isosayaneti, kemikali inayojulikana kusababisha pumu kwa wapiga rangi, na mwili ukishaikataa mara moja huendelea kuikataa hata ikiwa kidogo. Kitambaa usoni hakisaidii, wala barakoa ya hospitali. Kinachohitajika ni barakoa ya mpira yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, miwani, glavu za nitrile na mahali penye hewa. Roshani ya fleti ya Pipeline, nguo za mtoto wa jirani zikiwa zimeanikwa hatua mbili kutoka ulipo, si mahali penye hewa. Kama huna uwanja, nunua epoksi ya kupaka kwa brashi, au mpe fundi mwenye chumba chake. Epoksi nayo inataka glavu, kwa sababu hadina yake huwasha ngozi na huweza kuleta mzio usioisha.

Julai, usiku wetu ukishuka karibu nyuzi 10, epoksi hukomaa kwa mwendo wa kobe. Iache ndani ya nyumba, chumba kisicholalwa, kwa wiki nzima kabla ya kukirudisha kipuri kazini.

Nafasi ya pili: rangi ya unga, kwa fundi

Unga hupulizwa ukiwa na chaji ya umeme, ukashika chuma, kisha chuma kikaokwa kwenye nyuzi 180 hadi 200 hadi unga uyeyuke na kukomaa. Matokeo ni magumu kuliko karibu kila kitu kilicho ndani ya makopo, na petroli haiyagusi. Karakana za kazi hii zipo Eneo la Viwanda, na zile zinazopaka fremu za madirisha na viti zitapokea vyuma vyako iwapo utavileta vingi kwa pamoja na kukubali rangi iliyo kwenye mashine siku hiyo. Nyeusi haikosekani.

Mbona isiwe ya kwanza? Kwa sababu ya unene. Tabaka moja kwa kawaida huwa mikroni 60 hadi 100 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na hilo linatosha kuziba nyuzi za bolti na kubana tundu la egemeo. Mwambie fundi kwa maneno yanayoeleweka ni wapi pazibwe, na umwoneshe kwa kidole. Toa mpira wote, plastiki yote na beringi zote kabla hujaondoka nyumbani, maana oveni haitazihurumia. Kwa kikanyagio, keria na breketi nzito, unga unaipita 2K, tena kwa mbali.

Nafasi ya tatu: seramiki ya kuoka

Kwa ubora peke yake ingekuwa juu kabisa. Cerakote ya Marekani ndiyo inayojulikana zaidi. Mafundi wa bunduki wa huko ndio walioipa sifa, kwa sababu vipande vyao vidogo huteleza kimoja juu ya kingine na havina nafasi ya rangi nene. Tabaka lake ni kama mikroni 25. Aina ya H huokwa kwenye nyuzi 121 kwa saa mbili, na aina ya C hukomaa hewani kwa siku kadhaa. (Bunduki zenyewe hapa Kenya si kazi ya nyumbani. Ukarabati wake ni wa wafanyabiashara waliosajiliwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Leva ya pikipiki haihitaji kibali cha mtu.)

Kinachoishusha ni upatikanaji. Rangi zenye viyeyusho huhesabiwa mizigo hatari kwenye ndege, hivyo gharama ya kusafirisha kichupa kidogo inaweza kuipita bei ya rangi yenyewe. Pia inataka chuma kilichopulizwa mchanga wa alumini oksidi, bomba dogo la kupulizia na oveni inayoshika joto bila kuyumba. Oveni hiyo isiwe ya kupikia, na ikishaokea rangi isirudi jikoni kamwe. Oveni ndogo ya mezani ya mtumba kutoka Gikomba inafaa, mradi uweke kipimajoto chako ndani, kwa sababu namba za kwenye kitasa mara nyingi si za kutegemea.

Angalizo kwa wanaotafuta mtandaoni: DuraCoat ya Marekani ni rangi ya hadina iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki, wakati Duracoat unayoiona kwenye hadiwea zetu ni jina la rangi za kampuni ya Basco ya hapa Kenya. Ni bidhaa mbili tofauti, na maelekezo ya moja hayatumiki kwa nyingine.

Nafasi ya nne: zinki na fosfati

Hizi si rangi, ni ngozi ya madini au ya kemikali juu ya chuma, na ndizo zinazofaa bolti, nati na springi ambazo rangi yoyote ingechubuka. Zinki hupakwa kwa umeme na mafundi wale wale wanaofanya kromu. Springi ngumu iliyochovywa kwenye asidi na kupakwa zinki huweza kunyonya haidrojeni na kuvunjika ghafla, kwa hiyo inatakiwa kuokwa karibu nyuzi 200 kwa saa kadhaa mara tu baada ya kupakwa. Muulize fundi kama anafanya hivyo. Akishangaa swali lako, springi ya stendi usimwachie.

Fosfati, yaani chuma kuchovywa kwenye maji moto yenye asidi ya fosforiki, inawezekana nyumbani kwa sufuria isiyo ya chakula, lakini beseni lake huhitaji karibu nyuzi 90, na kwetu, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94. Nafasi ni finyu, kwa hiyo kipimajoto ni lazima. Ikishatoka, ipake mafuta. Bila mafuta haizuii kutu.

Nafasi ya tano: redi oksaidi na glosi

Redi oksaidi ni rangi nyekundu ya chini ya kuzuia kutu, na glosi hupakwa juu yake. Kwa bawaba na makomeo ya geti, basi. Glosi ya mafuta hukomaa polepole kwa oksijeni, bei yake haiumizi, na kila mtaa inauzwa. Ukiparura rangi ya zamani ya geti kwanza, parura kwa msasa wa maji, si mkavu. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi kupita kikomo cha sasa cha sehemu 90 kwa milioni, na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

Dawa ya kutia weusi bila joto naiweka hapa chini pia. Hupendeza kwenye koleo siku ya kwanza, lakini ni tabaka jembamba mno, na bila mafuta kutu hurudi mvua ya kwanza. Kwenye alumini haifanyi kazi kabisa.

Za mwisho: sprei ya kawaida na duko (rangi ya selulosi ya magari)

Kopo la mia chache za shilingi linavutia. Nyingi kati ya hizi ndizo rangi zinazokauka bila kukomaa. Dondosha petroli uone.

Hata ile bora ya juu itabanduka ikiwekwa kwenye chuma kichafu, na hapa ndipo ningeongeza pesa kabla ya kuongeza kwenye kopo. Ondoa grisi kwa mafuta ya taa, kisha osha kwa sabuni na maji moto, kisha pangusa kwa thina au asetoni na kitambaa safi. Petroli isiwe ya mwisho, kwa sababu huacha mafuta. Kutu loweka kwenye siki usiku kucha, sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji ya magadi kuua asidi, suuza tena, ukaushe papo hapo kwa joto. Leva za alumini usiziweke kwenye magadi, yanazila. Zipige msasa namba 320 na uanze na epoksi. Kromu inayong'aa haishiki rangi mpaka ngozi yake ikwaruzwe.

Imebaki sprei ya joto kali, iliyoandikwa nyuzi 600. Watu huinunua kwa ajili ya leva wakidhani namba kubwa ni ugumu. Utomvu wake wa silikoni hukomaa kwa joto tu, na juu ya leva ambayo haipati moto hubaki laini daima. Inunue kwa ajili ya ekzosi peke yake. Paka tabaka mbili nyembamba juu ya chuma kilichopigwa msasa, acha ikauke, kisha washa injini kwa dakika 10 bila mwendo, izime hadi ipoe kabisa, iwashe tena kwa muda mrefu zaidi, na mara ya tatu uende nayo safari fupi. Moshi na harufu ya mara ya kwanza ni ya kawaida, lakini fanya kazi hiyo nje.