Victron MultiPlus-II 48/5000: inveta ya kutegemewa nyumbani Nairobi
Kwa nyumba ambayo stima hupotea bila taarifa huku pampu ikijaza tangi la juu, inveta hii (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani) ndiyo ningeichagua, ingawa bei yake ni kali. Jina lataja 5000, lakini mzigo wa kudumu inaoumudu ni wati 4,000 kwenye nyuzijoto 25, nao hushuka hadi 3,700 joto likifika 40. Kwa hiyo tafadhali usiifungie kabatini chini ya mabati. Nguvu yake ya ghafla hufikia wati 9,000, hivyo friji na pampu vikiwaka pamoja, taa hazififii. Ina uzito wa kilo 30, ukuta uwe imara. Kasoro yake ni kwamba paneli za sola haziunganishwi nayo moja kwa moja. Chaja ya sola hununuliwa kando. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli Kenya.